Kuitwa Mara Moja

Mama alinilea kwa sheria moja ambayo sijawahi kuikuta kwenye kitabu chochote cha fizikia: ukisikia umeitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja uitwe tena. Binadamu ana shida yake, atarudia. Kile kingine huita mara moja tu. Sikuuliza kingine ni kipi. Baadaye, nilipouza mitumba naye sokoni Nairobi, niliona sheria hiyo inafaa hata kwa wateja: aliyeuliza bei mara moja alikuwa anapita tu.

Nilisomea jua. Miaka mingi, huko Dallas, katika ofisi isiyo na dirisha, nilipima mitetemo ya uso wa jua, na kila kipimo nilikirudia kabla ya kukiamini. Wenzangu waliniona makini. Ilikuwa ni mama tu. Nilipochaguliwa kuwa mwanaanga nikahamia Houston, yeye, aliyekuwa ameshatufuata Marekani, alibaki DeSoto, kando ya Dallas, kwa dada yangu, akaniuliza kama nauli ya huko juu wanalipa wao ama ni mimi.

Kikwazo cha mwisho kabla ya kupangiwa safari kilikuwa chumba kinachoondolewa hewa yote. Unaingia umevaa suti ya anga, mlango unafungwa, dunia inanyamaza. Unachosikia ni feni ya suti, pumzi yako, na mkuu wa jaribio masikioni. Akikuita, itika hapo hapo. Ukinyamaza, wanajua umezimia; wanarudisha hewa kwa kasi, na jaribio limekwisha.

Siku ya kwanza aliniita. Nilimsikia vizuri. Nikangoja aniite tena.

Hewa iliporudi na mlango kufunguliwa, madaktari walinimulika macho. Nikaeleza kwamba kwetu mtu haitiki mara ya kwanza. Mkuu wa jaribio, mwanamke mwenye upole wa mtu aliyeshakata shauri, akasema nitapewa nafasi moja zaidi. Nikaomba mbili, kama ninavyopatana bei ya nyama ya mbuzi kwenye bucha za Sharpstown, mtaani Houston. Hakupunguza kitu.

Niliporudi ndani nilijiapia kuitika hata mtu akikohoa. Akaniita, nikaitika. Baadaye akaniita tena, nikaitika. Kisha pakawa kimya kirefu, na katikati ya kimya hicho nikaitwa kwa jina la nyumbani.

Jina hilo halimo kwenye pasipoti yangu. Analitumia mama peke yake. Hata dada halitumii. Sauti ilitoka kushoto, ndani ya kofia, mahali ambapo hata kidole hakipenyi. Iliita mara moja.

Hesabu yangu ilikuwa mbaya pande zote. Nikiitika na hakuna aliyeniita, watasema nasikia sauti, kwaheri safari. Nikinyamaza na kumbe ni wao, kwaheri vilevile. Basi nikafanya kama mnunuzi anayetaka kujua bei bila kuonyesha anataka kununua. Nikasoma kwa sauti kipimo cha oksijeni kilicho kifuani pangu, taratibu, kana kwamba ni utaratibu wa kazi. Nikakisoma tena.

"Vizuri," akasema mkuu. "Tulikuwa bado hatujakuita."

Nilifaulu. Nje, penye maegesho, jua la adhuhuri likinichoma utosi, nikampigia mama. Nilitaka nimpe habari njema kwanza, halafu nimuulize polepole.

"Uko wapi?" akaniwahi.

"Houston, mama. Nimepita."

"Asante Mungu. Na asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Nyuma yake maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki.

"Umeniita hapa jikoni," akasema. "Nyuma yangu kabisa."

"Ukaitika?"

"Niitike aje? Uliita mara moja."

Tangu siku hiyo, tukipigiana simu, tunaitana mara mbili kabla ya salamu. Safari yangu imeshapangwa. Tumekubaliana kwamba nikimpigia kutoka huko juu nitaanza hivyo hivyo, na kama simu itakatika baada ya mara ya kwanza, hataitika. Nilimwomba alegeze kidogo, kwa sababu ya umbali. Hakupunguza kitu.