Raba za Baba Mkwe

Nichekeni tu, maana hakuna aibu kama ya kumwona baba mkwe wako (wakati ule mtarajiwa tu) anaitwa mlanguzi mchana kweupe Kariakoo, na aliyemponza ni wewe.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye shirika moja la kugawa bidhaa (tulikuwa wachache, tukipita tumebinua vifua utadhani mawaziri). Mashine ilisoma kadi zenye matundu, zilizobeba maombi ya maduka, ukiiuliza jumla ya kitu inakujibu. Ubaya wake, ilikisia yenyewe kipi maneno na kipi idadi, na siku ikikosea, kilo za sukari inaziona maneno, haijumlishi ng'o! Bosi akaniambia nirekebishe. Nikaiamuru: tarakimu yoyote ni idadi, basi. Kuijaribu? Thubutu! Mzee Mushi, msimamizi wa duka la ushirika na baba yake Ndeshi wangu, ambaye Jumapili nilikuwa napeleka posa kwake, alikuwa ameomba raba za watoto wa halaiki wa Magomeni, kila mtoto kadi yake na saizi yake, na mimi nilitaka sifa haraka.

Basi mtoto wa saizi tano, mashine ikamwandikia jozi tano! Lori likaja, likafuata la pili, na mji mzima raba zimeadimika, mimi nimesimama pale dukani nimechomekea shati nangoja pongezi. Watu wakajaa. "Mlanguzi huyo! Mgambo wako wapi?" Mgambo hao, wakamkamata mzee, Ndeshi analia, roho ikaniuma, nikapanda juu ya maboksi nikapiga kelele, "Ndugu zangu, mzee hana kosa! Kompyuta imedhani saizi ni idadi!"

Mama mmoja akadakia, "Na wewe mwenye akili ulidhani nini?"

Wee! Kicheko kile mpaka mgambo wakamwachia mzee, na dereva akawaonyesha hati yenye sahihi yangu. Nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

Akanitazama, akatazama maboksi. "Yaliyozidi yapakie yote, yarudi. Wewe mwenyewe. Ukimaliza, Jumapili waje wazee wako, ila wewe usifungue mdomo."

Nilipakia hadi shati likachanika, watu wananihesabia kwa sauti. Ndeshi nilimwoa, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile mashine ikinikisia jambo naenda kwanza kumuuliza mwenye duka, na viatu vya wanangu ananunua mama yao.