Maziwa ya Batula

Mwaka ule baada ya mafuriko ya El Nino, nani pale Garsen alikuwa hayajui maziwa ya Batula? Yalinukia moshi mtamu, na wenye hoteli waliyagombania. Akisifiwa, Batula aliinamisha kichwa, na watu wakasema mama huyu ana adabu. Adabu iko wapi! Ilikuwa aibu tupu.

Aliyevifukiza vibuyu vya maziwa hayo kwa kijinga cha moto ni Madina, bintiye wa miaka ishirini, ambaye akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Mgeni akipiga hodi, Batula alimsukuma binti nyuma ya pazia, kisha akaitikia, "Hapana mtu hapa, mimi tu." Alifanya hivyo miaka kumi na miwili.

Ndipo akaja Loise, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, akipita nyumba kwa nyumba kuandikisha vijana wenye ulemavu wa akili ili wafundishwe kazi na kujitegemea. Nafasi zilikuwa nane, Garsen nzima. Batula alimkaribisha maziwa.

"Matamu, mama! Nani amefukiza kibuyu?"

"Mimi."

"Na una watoto wangapi?"

"Mwalimu, sisi Orma hapana hesabu mtoto. Ni vibaya."

Kweli, watoto hawahesabiwi, kwa kuogopa kijicho. Ila siku ile Batula aliishika mila kwa sababu ilimfaa. Loise akaiheshimu, akafunga daftari, akaenda zake.

Jioni Madina alimletea mama kibuyu anuse, akasimama akingoja kusifiwa kama kawaida. Batula hakuweza kumtazama. Alijiona mwizi, tena mwizi wa mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi alimfuata Loise shuleni alikofikia. Nafasi ilibaki moja.

"Mwalimu, jana mimi nasema uongo. Ile maziwa si kazi yangu. Iko binti."

Loise hakumlaumu. "Twende nikamwone, mama. Lazima nimwone ndipo nimwandike."

Wakafika. Loise akapiga hodi, na ndani pazia likatikisika.

"Madina, toka!" Batula akaita. Akaita tena, mgeni amesimama kando yake na kalamu mkononi.

Nyuma ya pazia sauti ikajibu polepole, kwa Kiswahili kile kile cha mama:

"Hapana mtu hapa."