Alichosema Muzammil

Rufaida alikuwa mshonaji nguo wa Mambrui, na kwenye habari aliingia kwa sababu ya maji. Mifereji ya mtaa wao ilikauka wiki tatu, barua za wazee zisijibiwe. Akarekodi foleni ya ndoo kisimani, akaiweka Facebook. Siku ya pili maji yakatoka. Tangu hapo watu hawakungoja redio tena. Zahanati ikikosa dawa, barabara ikikatika, utasikia, "Mwiteni Rufaida." Ukurasa wake ukapata wafuasi elfu arubaini, na cherehani ikaanza kushika vumbi.

Asubuhi moja ya Juni alikuwa akitoka Malindi kununua vitambaa. Karibu na daraja la Sabaki akakuta lori limemgonga kijana wa pikipiki. Alishuka mbio, akaenda mubashara. Alieleza vizuri kama kawaida yake: lori lilikotoka, mashimo ya barabarani, ambulensi iliyochelewa. Kijana alilala kando ya lami, midomo ikimcheza. Mkulima mmoja, Charo, alikuwa amempakata kichwa.

"Dada, hebu nyamaza! Huyu ana neno anataka kusema."

"Subiri kidogo, kaka," Rufaida alimjibu, akaendelea kuwaeleza watazamaji.

Chini ya picha, katikati ya pole nyingi, yakapita maandishi: *Huyo ni Muzammil wangu. Mimi ni mamake. Anasema nini?*

Rufaida alipoyasoma, midomo ya kijana ilikuwa imetulia. Alizima simu, akapiga magoti.

"Amesema nini?"

"Niliinamisha sikio," Charo alisema. "Niliyemsikia ni wewe."

Video aliifuta ukurasani siku ile ile, lakini ilikwisha kunakiliwa. Ilimrudia kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye simu za wateja, na kila ilipochezwa aliisikia sauti yake, safi, isiyotetereka. Hata akiwa peke yake jikoni ilimjia: subiri kidogo, kaka.

Siku ya nne alikwenda Malindi kumtafuta Bi Shahida, mamake marehemu. Alitarajia matusi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliye..."

"Marahaba, mwanangu. Nakujua sauti. Kaa." Mama yule alisogea kumpa nafasi mkekani. "Unayo ile yenyewe, siyo hizi za kunakili? Labda humo atasikika."

Walisikiliza pamoja, simu katikati ya vichwa vyao, mara tano, mara sita. Midomo ya Muzammil ilifunguka, ikafumbika. Lililosikika ni mashimo, lori, ambulensi.

"Pengine ulisikia pale pale, ukasahau," Bi Shahida alisema. "Jaribu kukumbuka."

Rufaida bado anapeleka habari. Siku hizi hufika, akauliza kwanza nani anahitaji mkono, na akirekodi hasemi neno. Wafuasi wamelalamika, wengine wamemwacha.

Kila Ijumaa, baada ya sala, Bi Shahida humpigia.

"Umekumbuka?"

Ijumaa iliyopita jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: alikuita wewe, mama. Maneno mawili matatu tu, na mwanamke yule angepumzika. Rufaida alifumba macho, akaiona midomo ile.

"Sikusikia, mama. Nilikuwa nikisema mimi."

"Haya, mwanangu. Nitakupigia tena Ijumaa."