Waziri wa Aisilandi Aliyerudi Mashuani

Mwaka 1970, serikali mpya ya Omani ilipoanza kuwaita watu wetu waliotoka Unguja, baba yangu naye alipata wito wa kazi. Zamani alikuwa mkubwa wa ofisi huko Unguja. Tangu mapinduzi ya 1964 alikuwa kakaa Dubai, hataki kazi yoyote, akiulizwa, hujibu, "Mimi waliniuzulu." Akanituma Maskati nikaukatae wito ule kwa mdomo, kwa niaba yake. Ukaidi wake ulinichosha, lakini amri ya baba ni amri. Ili nipate safari, nikashika kazi ya ukalimani kwa Bwana Gunnari, mgeni wa Aisilandi aliyealikwa Omani kutazama uvuvi. Kwao aliwahi kuwa waziri.

Alfajiri tukaondoka Dubai kwa Landrova. Njiani alinieleza kwamba kwao mtu huitwa jina lake na la baba yake, kama sisi na bin yetu, na hata waziri huitwa Gunnari tu. Nikasema moyoni, hawa ni jamaa zetu waliopotelea barafuni.

Siku ya pili mchana tulipumzika Hail, kijiji cha pwani karibu na Maskati, jioni tukaingia Maskati. Mji wa babu zangu, na simjui mtu hata mmoja. Niliona uchungu.

Asubuhi tulivuka kilima kwa miguu hadi Sidab, kijiji cha wavuvi. Mwenyeji wetu, Mzee Saidi, aliyekulia Unguja, alitukaribisha kahawa, nami nikamwambia mgeni aliwahi kuwa waziri kwao. Gunnari akavuta wavu uliochanika, akaanza kuushona.

"Mikono ya mvuvi hii," Mzee Saidi akaniambia. "Kafanya kosa gani hata akauzuliwa?"

Sikumuuliza mgeni. Waziri kuondoka najua njia moja tu. Nikajibu hakufanya kosa, alipinduliwa. Mzee akamshika mkono, akampa pole kama mfiwa.

Gunnari alitaka kujua pole ya nini. Nilipomweleza, alitikisa kichwa. Ulifika uchaguzi, watu wakamchagua mwingine, alisema. Yeye akamkabidhi huyo funguo za ofisi, akarudi mashuani kwake. Baada ya miaka minne wakamchagua tena.

Niliona haya kwa ukalimani wangu. Ofisini Maskati, nilikotumwa na Baba, sikwenda.

Nilipofika Dubai nilimsimulia Baba yote. Alinikemea sana kwa kutofikisha ujumbe wake. Kisha akauliza, "Na walipomwita tena, alikwenda?"

"Alikwenda, Baba."

Baba akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mimi waliniuzulu siku moja tu," akasema. "Miaka sita hii nnajiuzulu mwenyewe."