Oili ya Ziwani, Baridi ya Ijenda

Wiki iliyopita nilikuwa Ijenda, juu milimani, ndani ya pikapu iliyokuja kumchukua bibi harusi na kumshusha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura kando ya ziwa. Siku hizi za vita hakuna anayeshuka peke yake. Magari hufuata msafara wa askari, na msafara haumsubiri mtu.

Dereva wetu, mzaliwa wa Bujumbura, alikuwa ametia oili nzito, ile inayovumilia joto la ziwani. Alfajiri alipowasha, injini iliguna ikanyamaza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa imeganda kama asali.

Shangazi wa bibi harusi alimtazama juu mpaka chini.

"We umevaa makoti mbili, lakini moteri umeiacha uchi! Huku watu wanatiaka oili nyepesi."

"Mama, mi natoka kwenye joto. Ningejua namna gani?"

Lori la askari likaanza kunguruma. Shangazi akaleta makaa kwenye sinia, akayasukuma chini ya injini.

"Apana, mama! Utatuunguza!"

"Nyamaza, upepee."

Dereva alirudi nyuma. Bibi harusi ndiye aliyeshuka, akapiga magoti na hina yake mikononi, akapepea kwa kifuniko cha kikapu. Makaa yalipoondolewa, injini iliwaka, nasi tukaudaka mkia wa msafara.

Mnaopanda milimani msimu huu, muulizeni fundi oili ya baridi kabla hamjaondoka.

Tulipofika Buyenzi, mama mkwe alimkumbatia bibi harusi, akanusa.

"Mwanangu, mbona unanuka moshi?"

"Mama, mi ndiye niliwasha gari."

Vigelegele vilipigwa mtaa mzima.