Unyusi wa Orval

Shemeji yangu Orval Kucera alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe huku Nebraska. Wanunuzi wetu hawapungi mkono. Huinua unyusi tu, jirani asijue nani kapandisha bei. Orval aliwaona wote, lakini hakumwuzia mtu kwa unyusi wa kwanza. "Hata nzi huinua unyusi," alisema. Aliita mara tatu. Aliyejibu mara ya mwisho ndiye mnunuzi.

Ugonjwa ulimla misuli yote, ukabakiza unyusi wa kushoto. Hata macho hayakumtii. Madaktari wakambandika hapo kifaa kidogo chenye waya, kinachosikia msuli ukijikaza, na kompyuta ikamsemea kwa sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi mapema. Mkazo mmoja, "Ndiyo." Kimya, hapana. Kwa maneno marefu alichagua herufi moja moja.

"Nalishwa kwa mrija," aliandika siku moja. "Mungu kaniepusha na supu ya Lavonne."

"Subiri, nitaimimina humo humo mrijani," Lavonne, mkewe na dada yangu, akamjibu.

Kisha unyusi ukaanza kucheza wenyewe. Msuli unaokufa ndivyo ufanyavyo. Tukiwa jikoni tunamenya viazi tulisikia chumbani, "Ndiyo. Ndiyo." Tukaingia. Orval alikuwa amelala, anakoroma.

"Anamjibu nani?" Lavonne akaninong'oneza.

Pumzi zilikuwa zikimwishia. Daktari alitaka jibu lake: atobolewe koo apumue kwa mashine, au aachwe aende.

"Wataka mashine, mzee?" daktari akauliza.

"Ndiyo."

"Wataka kuachwa?"

"Ndiyo."

Herufi nazo zilikuwa zimevurugika. Lavonne alikaa akiitazama kompyuta kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akatoka, akarudi na nyundo ya mnada, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mashine ya kupumulia. Nani anaichukua? Mara ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mara ya pili."

"Ndiyo. Ndiyo."

"Mara ya mwisho, mzee wangu."

Kimya. Paji la uso lilitulia kama maji ya kisima.

"Kuachwa uende. Mara ya kwanza." Kimya. "Mara ya pili." Kimya. "Mara ya mwisho."

"Ndiyo."

Mara moja tu. Lavonne akagonga nyundo kwenye mbao za kitanda, taratibu.

Orval alikufa Jumapili, tukiwa tumemshika mikono. Muuguzi alikuwa ameshamfunika tuliposikia kompyuta ikisema, kwa sauti ileile ya mnadani, "Ndiyo. Ndiyo."

Muuguzi akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Nzi huyo," Lavonne akasema, akauchomoa waya.