Mama wa Namba Kumi na Saba

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Tabora, mchana kweupe. Ukitaka kucheka, cheka, ila usiseme nimesimuliwa.

Mimi na mwenzangu Tunu tulikuwa na kazi moja: kusafisha picha za ubongo kwa ajili ya utafiti. Watu waliojitolea walilazwa ndani ya mashine huko Dar es Salaam, wakapigwa picha nyingi mfululizo, kisha tukaletewa sisi kwenye kompyuta, katika chumba tulichopanga hapa Tabora. Mtu akitikisa kichwa, picha hazilingani. Programu inazipanga upya, na aliyetikisika mno tunamwondoa. Majina hatuyajui. Kila mtu ni namba tu.

Programu ile nilimfundisha Tunu mimi. Lakini daktari mkuu wa utafiti akawa anamsifu yeye, na nafasi ya kwenda kusoma nje ilipopatikana, akatajwa yeye. Nilikuwa nikimsikia akicheka kwenye simu, kifua kinaniwaka. Wewe hujawahi?

Siku Tunu alipokwenda msibani Igalula, nilifungua kazi yake. Namba kumi na saba ndiye aliyekuwa ametulia kuliko wote. Nikazivuruga picha zake, nikaandika kwa jina la Tunu: "Ametikisika mno, aondolewe." Nilitaka daktari aone Tunu amemharibu mtu aliyetulia, aseme ni mzembe.

Sijainuka kitini, mama mmoja mtu mzima akasimama mlangoni, amejifunga kitenge. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema nimetikisika?"

Nikadhani amepotea njia. "Nani, mama?"

"Mle ndani ya mashine nililala kimya, mwanangu. Mguu uliniwasha, sikujikuna. Niliambiwa nisitikisike, nikatii."

Niamini, hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa akiongea, lakini kichwa chake hakikusogea hata chembe. Hata alipoingia na kukaa, mwili ulishuka, kichwa kikabaki kimenyooka kama kimeshikwa.

"Huyo mwenzako amekukosea nini?" akauliza.

Ningemwambia nini, kwamba anasifiwa?

Akainuka, akatoka. Nikamfuata mbio. Uani alikuwepo mama mwenye nyumba peke yake, anapepeta mchele. "Hajapita mtu hapa," akaniambia, "tangu asubuhi."

Nikampigia daktari, nikajifanya nauliza habari za namba kumi na saba.

"Yule mama wa Goweko?" akasema. "Alifariki mwezi uliopita. Mtulivu sana yule. Kwani picha zake zina shida?"

Nikamwambia hazina. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Jioni ile kichwa changu kikaanza kutikisika. Mpaka leo kinacheza, kidogo kidogo, kama cha mtu anayekataa kitu. Msusi wangu hukishika kwa mikono miwili. Hospitali wamenipima, hawaoni kitu.

Tunu alisafiri. Kabla hajaondoka nilimweleza yote. Akasema, "Ungeniambia tu kwamba inakuuma." Hajanipigia tangu siku hiyo, na nikiona picha zake za huko, bado kifua kinawaka. Sitakudanganya kwamba wivu umeisha.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi na watu usiowaona, watu waliogeuzwa namba, usiwatumie kumkomoa mwenzako. Wanajua ulipokaa.